Kabati la gereji kwa paleti na milango ya zamani: jitengenezee mwenyewe hapa Mombasa

Tangu nisimamishe kabati langu kwenye banda la pembeni ya nyumba huku Mikindani, kila anayekuja kuazima spana ananiuliza yale yale. Mbao hizi umetoa wapi, paleti si zina sumu, mchwa umewafanyaje, na huu ukuta wa matumbawe unashika skru kweli au siku moja litakuja kukuangukia? Nimejibu kwa mdomo mara nyingi na najua nusu ya maneno yanapotea njiani, kwa hivyo leo naandika yote mahali pamoja, tangu kutafuta mbao mpaka kufunga komeo. Gereji hapa namaanisha popote unapoweka vyombo vyako, iwe banda la gari, stoo, chumba cha tuktuk au gereji ya kazi yenyewe.

Kuna jambo moja ulishike kabla hujagusa msumeno, manake wengi wanaharibia hapo. Mbao za kununua unachora kwanza alafu unaenda hadwea na mchoro wako. Mbao za kuokota ni kinyume: unakusanya kwanza, unapima ulichopata, ndo unachora. Mtu akianza na picha aliyoiona kwenye simu atazunguka miezi mitatu akitafuta mbao za kipimo kile na mwisho anunue mpya zote. Acha vitu vyenyewe vikwambie kabati litakuwa kubwa kiasi gani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vya kuokota au kununua kwa bei ya chini:
- Milango miwili ya kabati la nguo au la jikoni iliyolingana. Yangu ni ya blokbodi (vipande vya mbao vilivyogandishwa pamoja na kufunikwa juu kwa ganda jembamba), kila mmoja upana sentimita 44 na nusu na urefu 168.
- Mbao za inchi 2 kwa 2, jumla kama futi 55. Hizi ni mbao zilizotolewa kwenye paa au zilizotumika kushikilia zege kwenye mjengo.
- Paleti tatu au nne za urefu wa sentimita 120, kwa ajili ya rafu.
- Plaiwudi ya milimita 9 vipande viwili vya sentimita 180 kwa 40 vya ubavuni, na plaiwudi yoyote nyembamba ya mgongo. Vipande vikiungwa si neno.
- Vipande vinne vya kabro, vya kuwekea miguu.

Vya kununua vipya na usibane hela hapa: skru za zinki za inchi 4, inchi 2 na inchi 1, bawaba sita za inchi 3, gundi ya mbao, dawa ya mchwa ya kupaka mbao, rangi ya mafuta, na plagi za plastiki ndefu za ukutani pamoja na skru zake. Skru za kawaida zisizo na zinki huku kwetu ni hasara tupu, upepo wa bahari hauna huruma, baada ya muda utaona michirizi ya kutu inashuka kwenye rangi na ukitaka kufungua skru kichwa kinakatika.

Vyombo: msumeno wa mkono, msumeno wa chuma na bledi mbili tatu za akiba, nyundo, mtaimbo mdogo, drili, tepu ya kupimia, skwea, pimamaji, sandpepa namba 80 na 120, brashi. Drili kama huna azima, usijaribu kupigilia skru kwa nyundo. Na glavu jamani, mbao za paleti zina vibanzi vibaya sana, alafu miwani ya macho na barakoa ya vumbi.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta milango kwanza

Milango ndo kitu kigumu kutengeneza vizuri na ndo kinachoonekana, kwa hivyo kabati lote litafuata milango. Angalia nyumba zinazovunjwa au kufanyiwa ukarabati, Tudor, Ganjoni, Kizingo huko nyumba za zamani zinabadilishwa kila siku, na mafundi wa mjengo wanajua vitu vinakokwenda. Ongea na msimamizi vizuri, lipa kitu kidogo.

Gonga mlango kwa kidole. Blokbodi na mbao kamili zinatoa sauti nzito, hizo chukua. Ile milango ya flashi ya chumbani ndani ni tupu, ina fremu nyembamba tu pembeni, ukiikata upunguze upana unabaki na maganda mawili yasiyoshika skru. Ikiwa huna ingine basi kata, alafu chomeka kipande cha mbao ndani ya ule uwazi kwa gundi ndo upate pa kushika bawaba. Chipbodi na MDF, zile bodi za chenga na unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, achana nazo kabisa hata ukipewa bure, zinavuta unyevu zinavimba kama mkate kwenye chai.

Ukibahatika ukute mlango au fremu ya mvule ya zamani, usiipake rangi. Mvule mchwa hawaupendi na umekauka miaka na miaka, piga vanishi tu uone rangi yake.

2. Pata paleti kwa njia halali na usome muhuri

Mji wa bandari paleti haziishi. Magodauni ya Shimanzi, Changamwe na njia ya kwenda Jomvu wana zilizovunjika wanazotaka kuzitoa. Nenda mchana, uliza ofisini au kwa msimamizi, na ukipewa omba karatasi ya geti hata ikiwa ni ya kuandikwa kwa mkono. Ukikutwa na mkokoteni umejaa mbao bila karatasi utajieleza sana. Zile za rangi ya bluu mara nyingi ni za kukodishwa, zina mwenyewe, hata ukiziona zimelala nje usiguse.

Sasa lile swali la sumu. Paleti zinazosafiri nchi na nchi lazima zitibiwe zisibebe wadudu, na zinapigwa muhuri wenye picha kama shuke la ngano. Pembeni kuna herufi mbili za nchi, KE ni Kenya, alafu namba, alafu herufi za njia iliyotumika. Ukiona HT maanake imetibiwa kwa joto, mbao imepashwa mpaka ndani kabisa ikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, hakuna dawa hapo, hio ndo unaitaka. Ukiona MB maanake imefukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, hio iache. Isiyo na muhuri kabisa huwa ni ya humu humu ndani, si lazima iwe mbaya, lakini inuse na uangalie madoa. Paleti iliyobeba kemikali au mafuta ina doa jeusi lililoingia ndani ya mbao na harufu haitoki. Hata ikiwa na HT, ikiwa na doa kama hilo usiichukue, manake muhuri unakwambia ilivyotibiwa tu, haukwambii ilibeba nini baada ya hapo.

Wengine wataletewa sakafu ya kontena, ile plaiwudi nene ya kama milimita 28. Ni imara mno, lakini mara nyingi imetiwa dawa ya wadudu tangu kiwandani na ukiipiga sandpepa unaivuta ile vumbi. Mimi siiweki kwenye kabati la nyumbani.

3. Kagua kila mbao kabla hujailipia usafiri

Chukua ubao, ugonge upande mmoja kwenye sakafu. Ukiona unga laini unamwagika kutoka kwenye vitundu vidogo, hao ni bungua na bado wamo ndani wanakula. Ubao mmoja wa bungua ukiuingiza kwenye banda umewakaribisha kwenye mbao zako zote. Vitundu vya zamani vikavu visivyotoa unga vinavumilika kwenye sehemu isiyobeba uzito.

Mbao za mjengo zina simenti iliyogandia, kwangua yote kwa patasi ya zamani kabla ya kukata, bila hivyo msumeno utakufa siku hio hio. Na kwenye nyumba za zamani ukikuta vipande vya asbestosi vya paa mtu akakwambia ni vizuri kwa mgongo wa kabati, kataa, usikate wala usivunje, vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

4. Vunja paleti bila kupasua mbao

Hapa ndo watu wanapoteza nusu ya mbao. Wanaweka mtaimbo chini ya ubao wanavuta kwa nguvu, ubao unapasuka katikati. Misumari ya paleti imesokotwa, imetengenezwa isitoke.

Kama paleti yako ni ya urefu wa 120, njia rahisi ni kukata kila ubao kwa msumeno kwa ndani ya yale magogo ya mwisho yanayoshikilia mbao, huku na huku. Misumari ya ncha zote inabaki kwenye magogo na wewe unapata ubao wa zaidi ya sentimita 90 kidogo. Umebaki kushikwa katikati tu, hapo ingiza bledi ya msumeno wa chuma kati ya ubao na gogo, ukate misumari yenyewe. Vichwa vya misumari vinabaki kwenye ubao kama vidoti, havina shida, ila kumbuka vilipo ukija kukata au kupiga randa.

Na hii 90 ndo ilinifanya niamue upana wa kabati langu. Milango miwili ya 44 na nusu inafanya 89, mbao za paleti zinanipa 90, basi kabati ni 90 na milango inabaki na nafasi ya sentimita moja katikati. Umeona vile vitu vinajipangia vyenyewe. Milango yako ikiwa mipana zaidi, badilisha vipimo vyote vinavyofuata.

5. Kausha

Panga mbao chini ya paa, kivulini, kila safu itenganishwe na vijiti ili upepo upite, uache wiki mbili angalau. Usizianike juani moja kwa moja, zinajipinda. Ikiwa ni masika, mwezi wa nne mpaka wa sita hivi, zipe muda zaidi au ngoja tu mvua ipungue.

Rangi ya zamani iliyobanduka usiipige sandpepa kavu. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi ndani. Lowesha, kwangua ikiwa mbichi, kusanya mabaki kwenye mfuko, na watoto wakae mbali siku hio.

6. Kata fremu

Kabati langu ni urefu 180, upana 90, kina 40. Mbao ya 2 kwa 2 nahesabu sentimita 5, lakini pima ya kwako, nyingi ni 4 na nusu na ukiacha bila kupima hesabu yote inaenda kombo. Kata:
- Nguzo 4 za sentimita 180.
- Vidaraja 10 vya sentimita 30, yaani vile vya kuunga nguzo mbili kama ngazi.
- Mbao za kuunganisha 5 za sentimita 80.

Kata vinavyofanana kwa pamoja: kata cha kwanza, kipime mara mbili, alafu hicho kiwe ndo kipimo cha vingine vyote. Usikate cha tatu kwa kupimia cha pili na cha nne kwa cha tatu, kosa dogo linaongezeka kila mara mpaka cha mwisho kinazidi kwa nusu sentimita.

7. Unga ngazi mbili

Kila ubavu ni ngazi: nguzo mbili zimelala chini sambamba, katikati vidaraja vitano. Cha chini kianze sentimita 10 kutoka chini, cha juu kabisa kiwe sawa na ncha ya nguzo, vitatu vya katikati weka kulingana na vyombo vyako. Pima kopo lako kubwa la rangi na boksi la drili kwanza. Muhimu ni kwamba ngazi zote mbili zilingane, kwa hivyo zilaze zikigusana uchore mistari kwa pamoja.

Toboa kwanza kwa biti nyembamba kuliko skru, tia gundi, alafu skru mbili za inchi 4 kila ncha zikipishana. Mbao za paa za zamani zimekauka sana, bila kutoboa zitapasuka. Boriti za mikoko hata usijaribu bila drili. Kisha pima kona kwa kona, pande zote mbili ziwe sawa, kwa vipimo vyangu ni kama 184. Zikitofautiana sukuma kidogo kabla gundi haijashika.

8. Simamisha fremu

Unganisha ngazi mbili kwa zile mbao za 80: mbele juu na chini, nyuma juu, katikati na chini. Zisogeze sentimita mbili juu au chini ya vidaraja ili skru zisikutane ndani ya nguzo. Pima tena kona kwa kona kwa mbele na kwa nyuma, safari hii ni kama 201. Hapa usione uvivu. Fremu ikiwa imekaa upande kwa sentimita moja milango haitakaa sawa maisha na utakuwa unalaumu bawaba.

9. Bandika ubavu na mgongo

Plaiwudi ya ubavuni ndo inayolipa kabati nguvu. Skru peke yake zinaingia kwenye ncha ya kidaraja ambapo mbao haishiki sana, lakini ukipaka gundi na kufunga plaiwudi kwenye nguzo na kwenye kila kidaraja kwa skru za inchi 1, fremu inakuwa kitu kimoja. Ndo maana nimesema milimita 9, usiweke ya milimita 3 hapo.

Mgongo unaweza kuwa mwembamba. Usifunike wote, acha uwazi wa vidole viwili juu na chini hewa ipite. Kabati lililozibwa kabisa Mombasa linafuga ukungu, vyombo vya chuma vinapata kutu ndani humo humo mlango ukiwa umefungwa.

10. Weka rafu

Kila rafu ni mbao tatu za paleti za sentimita 90, zikikaa juu ya vidaraja kati ya nguzo ya mbele na ya nyuma. Zikiwa pana kuzidi punguza, acha nafasi ya milimita 3 au 4 kati ya ubao na ubao. Skru za inchi 2, mbili kila ncha.

Utaona mbele inabaki nafasi ya sentimita 5 kabla ya mlango. Usiizibe, hapo ndo utatundika bisibisi, koleo na misumeno nyuma ya mlango bila kugonga rafu. Ya nyuma nayo inapitisha hewa.

Rafu ya chini ni ya vitu vizito, betri, jeki, makopo ya rangi yaliyojaa. Iongezee kipande cha 2 kwa 2 chini katikati, kutoka mbao ya mbele mpaka ya nyuma, isije ikapinda. Kwa vitu vidogo vidogo, yale makreti ya nyanya ya Kongowea yanafanya droo safi kabisa, yapige sandpepa tu na uyateleze juu ya rafu.

11. Dawa na rangi

Piga sandpepa namba 80 alafu 120, futa vumbi, paka dawa ya mchwa kila mahali hasa ncha zilizokatwa na chini ya miguu, manake ncha ndo zinafyonza. Fuata maelezo ya kwenye kopo, vaa glavu, fanyia nje. Ikauke kabisa ndo rangi, upake mara mbili.

Najua wengi wanapaka oili chafu ya gari. Imezoeleka na ni ya bure, lakini inanuka miezi, inachafua kila unachoweka, haishiki rangi juu yake, na unakuwa umelowesha mafuta kwenye kabati lililo karibu na petroli na cheche za welding. Mimi nakusihi usiitumie kwenye kabati la ndani.

12. Weka mahali pake, sawazisha, funga ukutani

Miguu ikae juu ya kabro, isiguse sakafu. Sakafu ikimwagika maji kabati halinywi, na mchwa wakitoka chini itabidi wajenge njia yao ya udongo juu ya kabro, utawaona mapema. Acha sentimita 3 kutoka ukutani, weka pimamaji, na uchomeke vipande vyembamba vya taili chini ya mguu unaocheza.

Alafu funga ukutani. Kabati la urefu huu lenye vyombo linaweza kumuangukia mtoto anayepanda rafu, hili si jambo la kuahirisha. Pitisha skru kwenye zile mbao za nyuma, mbili juu na moja katikati, na uweke kipande cha mbao cha sentimita 3 nyuma yake kujaza ule uwazi. Sasa ukuta wa matumbawe: jiwe lenyewe lina mashimo ndani, kwa hivyo zima ile hali ya drili ya kugonga, toboa kwa kuzungusha tu na biti ndogo kidogo kuliko plagi. Ukigonga, shimo linamomonyoka linakuwa pana kuliko plagi yako. Pita plasta, ingia ndani ya jiwe sentimita 6 au 7, puliza vumbi lote. Epuka kutoboa kwenye kiungo cha chokaa kati ya jiwe na jiwe, nyumba za zamani hapo ni laini kama sukari.

13. Milango mwisho

Milango ifungwe baada ya kabati kusimama mahali pake, si kabla, manake sakafu isiyo sawa inapinda fremu kidogo na milango iliyokuwa imekaa vizuri uani inakataa kufunga ndani. Bawaba tatu kila mlango, ubawa mmoja kwenye uso wa nguzo, mwengine kwenye mgongo wa mlango. Za brasi ukipata kwenye nyumba iliyovunjwa ndo bora, hazili kutu. Nyuma ya mlango mmoja bandika kibao chembamba kifunike ule uwazi wa katikati, vumbi na panya wasipite. Mwisho komeo.

Kuhusu nafasi kati ya milango, sikiliza. Kabati langu la kwanza nililifanya mwezi wa pili, kaskazi inavuma, mbao kavu, milango nikaiunga kwa mbao za paleti zenyewe na nikaibana ikakaa vizuri kama ya dukani. Mwezi wa tano haikufunguka. Ilikuwa imevimba ikashikana mpaka nikatoa bawaba na mtaimbo ili nichukue jeki, na nguzo moja ikapasuka. Ukijenga wakati wa kaskazi acha nafasi ya kutosha, milimita 5 kwa blokbodi, na kama mlango ni wa mbao zilizoungwa acha sentimita nzima. Ukijenga masika mbao zishavimba, hapo unaweza kubana kidogo, zitarudi.

Kukiharibika

Mlango unakwama chini. Usikimbilie randa. Angalia kwanza pimamaji, mara nyingi ni mguu umezama au kabro imesogea. Nyanyua upande huo kwa kipande cha taili uone. Ukiwa sawa na bado unakwama, kaza skru za bawaba ya juu.

Skru ya bawaba inazunguka haishiki. Shimo limepanuka. Itoe, jaza shimo kwa vijiti vya kiberiti vilivyopakwa gundi, subiri ikauke, rudisha skru.

Plagi ya ukutani inatoka na unga. Ulitoboa pana au umeingia kwenye uwazi wa jiwe. Hamia sentimita 10 pembeni. Kama hakuna pengine, toa vumbi, lowesha shimo, shindilia simenti nzito pamoja na plagi, na usifunge skru mpaka baada ya siku mbili.

Rafu imepinda katikati. Umeweka uzito juu ya mbao nyembamba. Shusha vitu, geuza ubao uso wa chini uje juu, na uweke kipande cha 2 kwa 2 chini yake, kikishika kidaraja cha huku na cha huku.

Kuna mstari wa udongo unapanda kwenye kabro. Hao ni mchwa. Usiufute tu ukaondoka, fuata mpaka uone unatokea ufa gani wa sakafu, tia dawa hapo, ziba ufa kwa simenti, alafu ndo ufute. Angalia kila wiki kwa mwezi mzima.

Vyombo vinapata kutu ndani ya kabati. Ongeza uwazi wa mgongo, na vyombo uvipake oili safi nyepesi kabla ya kuviweka. Usirudishe spana yenye jasho la mkono au maji ya chumvi.

Harufu kali ukifungua mlango. Kama ni thina au petroli, vitoe leo leo. Petroli haikai kwenye kabati la mbao lililofungwa, mvuke wake unajaa ndani na cheche moja inatosha. Weka nje kivulini kwenye dumu lake lenye mfuniko unaokaza, mbali na watoto. Kama si petroli na ni harufu ya mbao yenyewe, nusa ubao mmoja mmoja mpaka uupate, ungoe, weka mwengine. Ndo maana nakwambia ukivunja paleti usichome zilizobaki, weka tano sita za akiba juu ya dari.